Ukuta wa Kwa Dobi

Mwanangu wa kiume jina lake la utani ni Nukta, kwa sababu tangu akiwa mdogo akiona sentensi haina nukta hapati usingizi. Kazi yake ni kuandika vyeti na kadi za mialiko kwa mkono. Anakaa kwenye meza ya dirishani na kalamu ya nibu, ambayo huifuta kwa kitambaa cha pamba kila baada ya herufi mbili tatu. Ukimwuliza anafanya kazi gani, hakwambii anaandika kadi. Anakwambia kaligrafia, na hulitamka polepole kama mtu anayeshuka ngazi zilizolowa.

Binti yake, mjukuu wangu, ambaye mimi bibi yake humwita kwa utani mke mwenza, naye anaandika. Ila yeye anaandika ukutani, kwa makopo ya rangi ya kupuliza, herufi nene zilizobanana kama watu waliokimbilia mvua chini ya paa moja. Hiyo ndiyo grafiti. Ukuta wa nyuma wa gereji kauandika kwa ruhusa ya fundi, na mlango wa choo cha nje kwa ruhusa yangu. Baba yake akienda chooni huinamisha kichwa asiuone.

Basi mdogo wangu, mwenye duka la dobi pale njia panda, alipopiga plasta ukuta wake wa mbele, akamwita mjukuu aje aandike KWA DOBI, na chini yake TUNAFUA NA KUPIGA PASI. Nukta akasikia. Akatuhutubia wote mezani. Kaligrafia, alisema, imetoka kwa Wagiriki, ni uzuri na uandishi vimeoana. Grafiti imetoka kwa Waitaliano na maana yake ni kukwaruza. Sasa duka la mama yake mdogo liandikwe kwa uzuri au kwa kucha? Akayakusanya makopo yote, akayafungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Ukuta angeuandika mwenyewe, na binti angekaa mezani ajifunze karatasi. Mambo ya kuta yaishe.

Mke mwenza hakulia. Alikuja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akachezea uzi wa shuka mpaka ukakatika.

"Bibi," akasema, "karatasi inanibana kama kiatu cha kuazima."

Mimi shule niliishia ya msingi, lakini kitabu kinene sijawahi kukiogopa. Nilikwenda maktaba. Mkutubi, dada mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni, akanitolea kamusi inayoeleza maneno yalikotoka, akanisomea, nami nikimrudisha nyuma kila alipokimbia. Kaligrafia, kweli, ni Kigiriki: kallos ni uzuri, graphein ni kuandika. Grafiti, kweli, ni Kiitaliano, ni mikwaruzo. Wasomi walilitumia kwa maandishi waliyoyakuta kwenye kuta za magofu ya kale. Ila hiyo graphein yenyewe, kabla ya kuwa kuandika, ilikuwa kukwaruza, maana watu wa zamani waliandika kwa kuchimba chimba udongo na mawe. Na hilo neno la Waitaliano nalo wataalamu wanadhani limetoka huko huko. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja kavaa viatu.

Nikanyamaza nalo. Neno ni kama chai, ukiliwahi linakuunguza ulimi.

Jumamosi asubuhi Nukta akafika kwa dobi na rula, penseli, brashi nyembamba na kigoda. Mimi na mdogo wangu tukakaa kwenye benchi mlangoni. Mke mwenza alisimama ng'ambo ya barabara, mikono kaikunja kifuani. Nukta akaandika kama anavyoandika mezani, pua kwenye plasta, herufi moja mpaka iishe ndipo aanze nyingine. Hakuinuka ila kusogeza kigoda. K yake ilikuwa na mkia mwembamba kama unywele. Ukiwa karibu ungetamani kuubusu.

Alipomaliza tu, mama mmoja mwenye kikapu cha mashuka akasimama ng'ambo, akakaza macho kusoma akashindwa, akamwuliza mke mwenza kama pale ndipo wanapouza miwani. Mjukuu wangu, mtoto mwenye adabu, hakucheka. Mdogo wangu akavuka kutazama. Nukta naye akavuka, brashi mkononi.

Plasta ile ilikuwa ya chenga chenga, na mistari myembamba yote ilikuwa imemezwa. Ilibaki ile minene tu, kama meno ya mzee. Tena alipima kutoka kwenye kibaraza, na kibaraza kile kimelala upande tangu kijengwe, kwa hiyo maandishi yalikuwa yanateremka kama maji yanayotafuta mtaro.

"Baba," mdogo wangu akamwambia kwa upole, "ni nzuri sana. Ila mteja itabidi auegemee ukuta ndipo asome."

Nukta akaifuta brashi kwa kitambaa, akaifuta tena. Mwishowe akamwuliza binti yake, bila kumtazama, angefanyaje. Binti akamweleza kwamba ukuta unaanza kuandikwa pale walipokuwa wamesimama, jicho la mpita njia lilipo. Unakwenda kuugusa, unarudi kuutazama, mpaka miguu iume. Na penseli haishiki kwenye plasta kama ile. Akatoa msumari mfukoni.

"Nakwaruza kwanza, baba. Halafu ndiyo napuliza."

Nukta akageuka kunitazama mimi, kama mimi ndiye niliyemtuma. Ndipo nikavuka na mimi, nikamwambia yote niliyosomewa maktaba, ya udongo, ya mawe, ya ndugu wawili. Akanilaumu kwamba sikumwambia mapema. Nikamjibu kwamba mapema alikuwa hana masikio.

Akautazama ukuta tena. Kisha akatoa ufunguo, akampa binti yake.

"Kalete makopo," akasema. "Nakwaruza na wewe."

Walipaka ukuta upya kwa rola. Ulipokauka, binti akashika msumari na Nukta akabaki ng'ambo, akinyanyua mkono na kuushusha kumwonyesha panda, shuka. Walibishana sana juu ya mkia wa K. Yeye aliutaka, binti akasema sawa, lakini utakuwa mnene kama mkono wa mpiga pasi. Ukawa hivyo, na unaonekana kutoka mbali.

Makopo hayakurudi kabatini. Yako chini ya meza ya dirishani, na Nukta huyapiga teke kila anaponyoosha miguu. Hulalamika mpaka jirani anasikia, ila kuyaondoa hajasema.