Rozari ya Kunong'ona

Mwaka ule wa tisini na sita mvua za kwanza zilishuka Kabungu polepole, kama vile zinaogopa kuamsha mtu. Asubuhi nilimkuta Kadogo akibeba nyasi kwa mdomo na kuzitandika pembeni mwa banda, nikajua siku yake imefika.

Kadogo alikuwa nguruwe jike mkubwa. Jina alipewa na marehemu mume wangu, siku alipomleta akiwa bado anaenea kwenye kapu. Ndiye kiumbe wa mwisho aliyelishwa kwa mkono wake. Uzao wa kwanza ulichukua mchana kutwa, majirani wamejaa bandani wakimtia moyo, na watoto wengi wakatoka wameshakufa. Lyamba, mchinjaji anayetuuzia kitimoto, alisema jike wa namna hiyo ni hasara. Tukakubaliana kwamba Kadogo akirudia, Lyamba aje na kamba amchukue.

Sasa siku hiyohiyo jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali kwangu. Walifika wamelowa, Imakulata mbele na ngoma yake. Kadogo alishaanza kuzaa, watoto wanafuatana vizuri. Kina mama wakaingia bandani kumwona, wakapiga vigelegele, wimbo ukaanza, ngoma ikaitika.

Kadogo akainuka. Akazunguka, akanusa ukuta, nusura amkanyage mtoto. Kisha akalala tena, na uchungu ukakatika. Nikakaa kulitazama tumbo lake. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, hakuna kilichotoka. Nikakumbuka ile mara ya kwanza, zile kelele zote za upendo, nikajua ndizo zinazomzuia. Waliobaki tumboni walikuwa wanakosa hewa.

Nikawatoa wote nje, nikaweka mkono juu ya ngozi ya ngoma.

Mzee Telesphor, mwenyekiti wetu, aliongea kwa upole, lakini niliona ameumia. "Mama Ponsian, tumnyime Mungu wimbo wake kwa ajili ya nguruwe?"

"Mungu anasikia hata mkinong'ona, baba. Kadogo ndiye hajajua bado kama nyie ni watu wa amani."

Imakulata akalalamika kwamba yeye hajafundishwa kupiga ngoma ya kunong'ona. Hata hivyo akaifunika kwa kanga, akaketi. Wakatandika mkeka barazani, wakatoa rozari.

Sijui nieleze vipi mchana ule. Mvua juu ya nyasi za paa, Salamu Maria zikipita kama nyuki walio mbali, harufu ya udongo uliolowa. Kadogo akavuta pumzi ndefu, mkia ukatikisika, mtoto akatoka. Halafu mwingine. Mmoja alikuja amefunikwa utando, kimya kabisa. Nikamfuta pua na mdomo, nikamsugua kwa nyasi kavu mpaka akapiga chafya, nikamsogeza kwenye chuchu za mbele, apate maziwa ya kwanza kabla wenzake hawajamsukuma. Nikawa kama niko ndotoni. Nyuma yangu nikasikia mtu anamwaga pumba taratibu, kama mume wangu alivyokuwa akimwaga. Sikugeuka. Nilihofia kila kitu kingekatika tena.

Kondo la nyuma lilikuwa limeshatoka Lyamba alipotokea, kamba begani. Alikuwa amesikia ngoma ikizimika ghafla, akadhani Kadogo amerudia yale ya kwanza. Alipowakuta watu wameinama wananong'ona, akavua kofia.

"Poleni sana," akasema chini chini. "Nani amefariki?"

Mzee Telesphor akampisha nafasi kwenye mkeka. "Hakuna. Kaa, na usikohoe."

Lyamba akaikalia kamba yake. Huko bandani Kadogo akaanza kuguna, kwanza taratibu, kisha haraka haraka, ule mguno wa jike anapoachia maziwa, na watoto wakatulia wote kwenye chuchu. Imakulata akainua uso, akasikiliza. Vidole vyake vikaanza kuufuata mguno ule juu ya kanga iliyofunika ngoma, bila sauti.