Velo ya Mutoto

Beseni la ndagala lilikuwa sakafuni katikati yao, na hakuna aliyetaka kulitazama. Direktrisi Marguerite, mkuu wa shule, alikuwa amefungua madirisha yote ya ofisi yake, lakini harufu ilikataa kutoka. Agneta alisimama karibu na mlango, magamba ya samaki yakiwa bado yamemganda mikononi. Binti yake, Elda, aliegemea ukuta akitazama vidole vya miguu yake.

"Mama Elda, samaki hawa wamekaa chini ya dirisha la mwaka wa saba tangu asubuhi," direktrisi alisema. "Jua likawapiga. Watoto wanaziba pua, mwalimu anaziba pua. Mimi nifanye nini?"

"Nisamehe. Walitakiwa wafike sokoni kwanza."

"Na kila siku wakifika sokoni kwanza, mutoto anafika hapa kengele imeshalia. Leo ameogopa kuchelewa, akaja nao hapa hapa." Direktrisi akashusha sauti. "Elda ana akili. Lakini mitihani inaanza wiki kesho, na atakayechelewa haingii. Hata akiwa yeye. Sitafungua mlango."

Agneta alishukuru kwa Kirundi, murakoze, akainama kulibeba beseni. Maji mekundu yakamchuruzikia kwenye kitenge.

Nje, baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ilikuwa baiskeli ya mtoto, ya buluu, mtumba kutoka Ulaya, na kwenye chuma chake yalikuwa yamebaki maua ya karatasi yaliyobandikwa na mtoto mwingine wa mbali. Ayubu, kaka yake Agneta, alimnunulia Elda mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia madarasani, na watoto wa shule ya ufukweni wakahamishiwa hii ya huku juu, mbali na nyumbani. "Ni ya shule," Ayubu alisema siku ile, na Agneta akaitikia.

Kisha mafuta ya gari yakaadimika. Pikipiki zikalala. Baiskeli kubwa zote za kijiji chao cha Gatete zikachukuliwa na wafanyabiashara wa mawese, na mwanamke mwenye beseni moja la ndagala akawa hana wa kumbebea. Kubeba kichwani Agneta hakuweza. Shingo yake ilikataa mizigo tangu alipoanguka na mzigo wa kuni kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akiwa msichana. Basi akaipeleka baiskeli ya mtoto kwa fundi wa kuchomelea pale Rumonge, akafungiwa keria ya chuma, pana kama meza ndogo. Tangu hapo Elda aliamkia ufukweni, akabeba samaki walionunuliwa na mama yake hadi sokoni barabarani, ndipo akaelekea shule akinuka samaki.

Walirudi nyumbani. Agneta aliwamwaga wale samaki chini ya michikichi, na paka wa jirani akaja, akanusa, akaondoka.

"Ungepitia sokoni tu," Agneta alisema mwishowe.

"Ningechelewa."

"Ungechelewa, lakini tungekula."

"Mama, nimewaza njia nzima. Nikaona afadhali unipige wewe kuliko kusimama tena nje ya mlango, wenzangu wananiangalia." Elda aliongea akiufuta mnyororo kwa kitambaa, kama kawaida yake. "Na hii velo iko yangu. Mjomba aliniletea mimi."

"Na daftari anakuletea nani? Sabuni nani? Hao hao ndagala."

"Basi wabebe wewe."

Maneno yakishatoka hayarudi. Elda alijiziba mdomo. Agneta aliinua mkono, ukabaki hewani, kisha akautumia kujikuna shingo.

"Sijui kuendesha," alisema.

Hakuwahi kulitamka jambo hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Kambini baiskeli zilikuwa za wanaume. Waliporudi Burundi zikawa bado za wanaume. Mumewe, kabla hajavuka ziwa kwenda Uvira na simu yake kunyamaza, alikuwa na baiskeli, naye Agneta aliijua kwa kuiosha.

Kesho yake jioni walishuka hadi kwenye uwanja wa mchanga, pale ilipokuwa shule ya zamani. Kuta mbili zilisimama ndani ya maji. Agneta alikuwa amevaa suruali ya mumewe chini ya kitenge. Kiti walijaribu kukipandisha, lakini kutu ilikuwa imekishika, hakikusogea. Alipokaa, magoti yakafika kwenye usukani.

"Kanyaga, Mama. Mimi nimekushika."

Alikanyaga. Baiskeli ikaenda upande, naye akaenda upande wa pili.

"Usiangalie chini! Angalia mbele!"

"Unanipigia kelele kama nani?"

"Lakini unaangalia chini!"

Walirudia. Kitenge kikaingia kwenye mnyororo na kuchanika. Akakivua, akabaki na suruali, na hapo hapo Zabroni, mbeba mawese, akapita akisukuma baiskeli yake yenye mabido ya manjano, yale madumu ya mafuta, yaliyofungwa pande zote.

"Mama Elda! Hiyo velo iko ya mutoto!" alicheka. "Magoti yatakupiga kidevu!"

"Nipe ya kwako basi!"

Zabroni alicheka zaidi, akaenda zake. Elda alikuwa amegeuza uso kulitazama ziwa. Agneta aliuona ule mgongo mdogo uliokakamaa, akaelewa kwamba mtoto anaona aibu, na hasira ikampanda. Alimkasirikia Zabroni, akaikasirikia suruali, hata lile ziwa lililoimeza shule. Alipanda tena. Akaanguka tena, safari hii kwa kiwiko.

Ilipofika Jumapili alikuwa anaweza kwenda mbele. Kwenda mbele tu. Kupanda peke yake ilikuwa kazi, kukata kona kazi, na kwa kuwa breki zilikufa zamani, kusimama kulihitaji kuburuza viatu mchangani. Elda alikuwa akiisimamisha kwa urahisi, kwa kisigino kimoja, yeye hakuweza.

"Itatosha," Agneta alisema usiku ule wakila. "Asubuhi utatoka mapema, utatembea. Samaki nitabeba mimi. Mchana nitakuletea velo urudi nayo."

"Kwa hiyo mimi ndiyo nitembee."

"Asubuhi tu, Elda."

Mtoto alizungusha ugali kwenye sahani. "Usifike getini, lakini. Nisubiri pale njia panda."

"Kwa nini?"

Elda aliinuka na sahani yake, na Agneta hakuuliza mara ya pili. Alilijua jibu, na kulijua kulimchoma kuliko kiwiko.

Siku ya mtihani wa kwanza Elda aliondoka bado giza, viatu mkononi ili visipate vumbi. Agneta alishuka ufukweni. Mitumbwi ilikuwa imejaa, ndagala waking'aa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alichagua wazuri. Anastasie, mwenzake wa kuuza samaki, alimshikia baiskeli akapanda.

"Nikuachie?"

"Niachie."

Alikwenda. Beseni lilimvuta nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi mno, na kila jiwe alilihisi kwenye meno. Wanawake walikuwa wakimpigia vigelegele nyuma yake, hakujua kama ni vya kumsifu au kumcheka. Alivuka shamba la mihogo. Alipita kisima. Kwenye kona ya kanisa, alipotakiwa kugeuza usukani, hakuugeuza kwa wakati.

Nusu ya samaki walimwagika mchangani.

Agneta alisimama, akaitazama baiskeli iliyolala gurudumu likizunguka, akaipiga teke. Akaipiga tena. "Mbwa wewe! Kichuma cha watoto! Nimekukosea nini?" Mzee mmoja aliyekuwa akienda kuchota maji alisimama kumtazama, akaamua kupita njia nyingine. Kidole cha mguu kilimuuma sana. Alikaa chini karibu na beseni, akalia kidogo, kwa hasira tu, halafu akaanza kuokota. Wale wa juu waliokuwa safi aliwarudisha. Wa chini aliwaosha kisimani, na huko sokoni wateja walioona mchanga wakamtupia maneno yao. Aliuza kwa bei ya kuwaonea huruma samaki wenyewe. Lakini aliuza.

Mchana alielekea shule. Kipande cha kwanza alisukuma, kwa kuwa kilikuwa kilima. Juu ya kilima njia ilishuka taratibu kuelekea njia panda, na miguu yake ilikuwa imechoka. Aliiegemeza baiskeli kwenye kichuguu, akapanda.

Alifikiri atasimama njia panda kama walivyoagana. Aliburuza viatu, lakini njia hapa ilikuwa ngumu, imekanyagwa na watoto wengi, haikumshika. Njia panda ikapita. Mbele yake shule ilikuwa imetoka, sare zimejaa barabara nzima.

"Pisheni! Pisheni jamani!"

Watoto walitawanyika wakipiga kelele. Wengine walicheka mpaka wakashikana. "Bibi wa velo! Magoti, magoti!" Katikati ya kundi la wasichana alimwona Elda, begi kifuani. Macho yao yakakutana. Elda akayaondoa yake, akaangalia chini.

Kumbe ndivyo. Agneta hakumwita. Angemwita kila mmoja angejua, na mtoto alikuwa bado na mitihani ya siku nne kufanya mbele ya wale wale. Alinyoosha mgongo kadiri baiskeli ile ilivyomruhusu, akapita lango la shule kama mtu mwenye safari yake, akaendelea na barabara asiyoijua, magoti yakipanda na kushuka pembeni ya usukani, kelele za watoto zikibaki nyuma.

Barabara ilianza kupanda, na hiyo ndiyo iliyomsimamisha. Baiskeli ilipungua mwendo, ikayumba, akaweka mguu chini. Alikuwa amelowa jasho. Mbele yake wanaume watatu walikuwa wakisukuma mawese kupanda kilima, migongo imeinama. Wa mwisho alimsikia, akageuka. Hakucheka. Alisogeza mzigo wake pembeni, akasema, "Amahoro, mama, pita," kama anavyomwambia yeyote mwenye baiskeli.

"Sipiti," Agneta alisema. "Nasubiri."

Hakugeuka kutazama alikotoka. Aliziona chupa za plastiki mtaroni, aliuona moshi wa kinu cha mawese ukipanda moja kwa moja juu ya michikichi. Kisha akasikia nyuma yake viatu vya mtu mmoja vikikimbia, vikapunguza, vikawa vinatembea, vikasimama mbali kidogo.

Agneta alisogea upande mmoja wa baiskeli, akauondoa mkono wake kwenye mshikio wa kulia, akamwachia Elda nafasi ya kuushika.