Mguu wa Tshibola

Mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa mji wa Kolwezi, Tshibola alibaki mtaani kwake Kapata. Ndugu zake walipanda treni na masufuria yao, kwenda nchi ya mababu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Yeye alikuwa ameolewa na Séraphin, mzaliwa wa kaskazini mwa mkoa ule ule wa Katanga, kwa hiyo majirani wakamwacha akae. Wengine walimwacha kwa shingo upande.

Kampuni ya mgodi nayo ilikuwa imeanguka. Zamani mke wa mfanyakazi alitibiwa hospitali ya kampuni bila swali. Sasa vilibaki vitanda vitupu. Ndipo watu wa parokia wakaunda mutuelle, chama cha kuchanga ili mwanachama akiugua atibiwe kwenye zahanati ya masista.

Mwenyekiti, mzee Kabemba, aliyeitwa tata kwa heshima, aliweka sharti: ugonjwa ambao mtu ameingia nao chamani hautalipiwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Tshibola peke yake alisimama.

"Mi niko na sukari, tata. Tangu zamani."

"Basi mama, sukari haimo. Magonjwa mengine yote yamo."

"Sawa," akasema, akaketi.

Baadaye jirani yake Henriette alimwoza binti yake, Shekina. Tshibola alicheza mutwashi, ngoma ya kwao Kasai, mpaka wapiga ngoma wakachoka kabla yake, kisha akateleza kwenye saruji, mguu ukavunjika. Walipompeleka kwa masista alikuwa bado anacheka huku machozi yanamtoka.

Kabemba alikataa kulipa. "Mifupa ya mwenye sukari ni dhaifu," alisema. "Mguu huu ni mtoto wa sukari."

"Tata Kabemba, sukari haijui kucheza mutwashi. Ni mi nilicheza."

Jumapili baada ya misa, wanachama wakakutana. Tshibola aliketi mbele, mguu wenye plasta juu ya kiti. Stany, fundi seremala, akanung'unika kutoka nyuma kwamba Tshibola angeenda Kasai na wenzake, kesi hii isingekuwapo. Séraphin akainuka, uso umembadilika. Tshibola akamvuta shati mpaka mumewe akaketi.

Henriette ndiye aliyesema. "Aliumia akimchezea mutoto wangu. Na mi niko na presha tangu uzazi wa mwisho. Siku ile nilinyamaza, yeye akasema kweli."

Mzee mmoja akakiri kifua chake kilichojaa vumbi la mgodi. Mwingine akataja pumu. Mwishowe Godelieve, mke wa mwenyekiti, akauliza polepole, "Na wewe, tata, kidonda chako cha tumbo kiliingia chamani lini?"

Watu wakaangua kicheko. Kabemba alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka nao.

"Niliogopa batu bataingia siku ya kuugua tu," alisema, "chama kife."

"Uoga wako ni wa haki, tata," Tshibola akajibu. "Tungojeshe kidogo, lakini usitufungie mulango."

Wakakubaliana hivyo: mguu ulipiwe, na mwenye ugonjwa wa zamani achange kiangazi kizima kwanza, kisha naye atibiwe. Mvua zilipoanza, Tshibola alipata dawa yake ya sukari.

Stany hakuomba radhi. Lakini wiki ile ile ya mkutano alimletea magongo aliyochonga mwenyewe. Moja lilizidi lingine kwa urefu. Séraphin akalikata kwa msumeno, na Tshibola akaenda nayo sokoni, akisimama kwa kila aliyemsalimu.