Fedha Kwa Mama Mkwe

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi wa kunyoa, na mwepesi zaidi wa kununua. Wachuuzi wote wa mtaa walipita mlangoni pake, na hakuna aliyepita bure. Nyumbani kulikuwa na saa nne za ukutani, kila moja na majira yake, na mnyororo wa mbwa, ilhali hata paka hawakuwa naye. Bajeti aliyoiandika na mkewe, mshonaji, ilifika tarehe kumi ya kila mwezi ikiwa hoi bin taabani.

"Kuanzia leo fedha ya nyumba atashika mama," mkewe akasema.

"Mama yako?"

"Mimi umeshanizoea. Yeye humzoei."

Mama mkwe alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao, mwanamke mpole wa maneno machache. Mbele yake kinyozi hata kukohoa alikohoa kwa adabu.

Juma hilohilo alipita muuza feni. Kinyozi akavua aproni, akaenda kwa mama mkwe huku akikariri njiani maneno ya kuomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Akakaa ukingoni mwa kiti. "Nilikuwa naomba kidogo."

"Ya nini, baba?" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkoba.

"Ya feni. Ya kushika mkononi."

"Ile ya mezani imeharibika?"

"Hapana, mama. Ila hii ina redio."

Mama mkwe alitazama tu dirisha, ambamo upepo ulikuwa ukiingia wenyewe. Jasho likamtoka kinyozi.

"Nimekumbuka nimeacha mteja kitini," akasema, akatoka kinyumenyume.

Mwezi ule kodi ililipwa kwa wakati, gesi haikukatika, na ada ya mtoto ikatengwa kando. Mkewe alitembea kifua mbele, mpaka alipoona kitambaa cha pazia dukani.

"Nenda ukamwombe wewe," akamwambia mumewe. "Mimi atanikatalia."

"Si mama yako?"

"Ndiyo maana."

Kinyozi akaenda, akaeleza. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho.

"La zamani limechanika?"

"Pindo tu, mama."

Akafungua mkoba, akampa sindano na uzi.

Mkewe, mshonaji wa miaka kumi na miwili, aliipokea sindano ile. Akashusha pazia, akakaa kushona. Kinyozi alimshikia upande wa pili, akibana kicheko mpaka mbavu zikamuuma.