Binti wa Gerrit Aliyekataa Kuanza

Kosa lilikuwa langu, na sitaki mtu anisaidie kulibeba. Mimi Wendell Haverkamp, mwandishi wa michezo wa gazeti la mji wetu kwa miaka thelathini na moja, nilishika kalamu mwezi wa Desemba nikaandika kwamba Janelle Terpstra, binti wa Gerrit mfugaji, anaonewa. Huu mwaka wa nne, nikasema, timu ya kikapu ya wasichana wa chuo chetu inamweka benchi, na kila akiingia mambo yananyooka. Basi kwa nini asianze? Niliandika hivyo wiki tatu mfululizo. Watu wa jimbo letu la Iowa ni wapole, lakini waguse kwenye kikapu uone. Mzazi mmoja alimbana kocha kanisani, mbele ya mchungaji.

Kocha Mulder akachoka na kelele, akamwanzisha mechi tano. Tukafungwa nne. Janelle akarudi benchi, tukaanza kushinda tena, na mimi nikameza maneno yangu bila maji.

Ndipo nilipofanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Nilinunua daftari. Kila Janelle alipoingia niliandika matokeo yalivyo, na kila alipotoka niliandika tena. Loo, niliyoyaona! Msichana wa pointi saba kwa mechi, ambaye hata picha yake hatukuwahi kuitoa, lakini akiwepo tunawazidi wapinzani kwa pointi kumi. Na zile mechi tano alizoanza? Patupu.

Sasa, ligi yetu hutoa tuzo ya mchezaji bora wa akiba, na waandishi sita tunaipigia kura. Wenzangu walikuwa wakimtazama msichana wa chuo kingine, anayetoka benchi na kufunga pointi kumi na sita. Mimi nilikuwa na daftari langu. Ila kuna sharti: aliyeanza zaidi ya mechi tano hahesabiwi kuwa wa akiba. Tano zake zilikuwa zimekwisha, kwa hisani yangu.

Ikabaki mechi ya mwisho ya nyumbani. Siku hiyo wa mwaka wa nne wote huanza, hata yule ambaye msimu mzima kazi yake ni kugawa taulo. Kabla ya filimbi kila mmoja husindikizwa na wazazi wake hadi katikati ya uwanja, na maua mkononi. Kocha alimwachia Janelle aamue mwenyewe.

Alhamisi nilimkuta mazoezini, anajifunga bandeji kifundoni.

"Usianze," nikamwambia. "Ukianza, tuzo imekwenda."

"Mzee Wendell, si wewe uliyekuwa unapiga kelele nianze?"

"Nilikuwa mjinga."

"Hilo tumekubaliana." Akacheka, kisha akainamia bandeji yake. "Sianzi. Lakini si kwa ajili ya tuzo yenu. Nikianza nakimbiakimbia tu kama kuku. Nikikaa dakika tano, naona nani kachoka, nani anaogopa kwenda kushoto. Nikiingia najua pa kwenda. Tatizo ni baba."

Gerrit alikuwa ameshatoa neno mezani. Hakuamka saa kumi alfajiri kukamua miaka yote hiyo, alisema, ili apite mbele za watu na binti wa benchi. Asipoanza, aende katikati ya uwanja na mama yake tu.

"Ni hasira tu hizo, zitapita," nikasema.

"Baba hana hasira. Anasema mara moja, basi."

Nilitoka pale nikiwa mdogo kama punje.

Jumamosi theluji ilianguka mchana kutwa, na ukumbi ukajaa vilevile. Jina la Janelle likaitwa. Akatembea na mama yake, Arlene, wawili tu, huku wenzake wote wakiwa na wazazi kulia na kushoto. Gerrit alikuwa amekuja, lakini alikaa safu ya juu kabisa, karibu na meza yangu, koti mwilini, mikono kifuani. Janelle alinyanyua macho kumtafuta. Gerrit akatazama dari.

"Umeridhika?" akaniuliza. "Wewe na gazeti lako."

"Sijaridhika hata kidogo, Gerrit."

Dakika ya sita tulikuwa nyuma kwa pointi tisa, Janelle akaingia. Nikaandika.

"Unaandika nini hapo?"

"Matokeo binti yako akiingia, na akitoka."

Jicho lake likabaki kwenye kalamu yangu. Janelle hakufunga hata kikapu kimoja. Alimsogeza mwenzake hatua mbili. Alimnong'oneza yule mdogo wa mwaka wa kwanza aliyekuwa anatetemeka. Mara mbili alisimama njiani kwa lile jitu refu la wapinzani, akaangushwa chini puu, na mara zote mbili mwamuzi akapuliza filimbi, mpira ukawa wetu. Alipotoka kupumzika tulikuwa mbele kwa mbili. Dakika tatu baadaye tulikuwa nyuma tena.

"Lete hilo daftari," Gerrit akasema.

Akavaa miwani, akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Mtu anayeandika maziwa ya kila ng'ombe asubuhi na jioni hahitaji kufundishwa kusoma hesabu.

"Hizi ni za kweli?"

"Tumesoma darasa moja, Gerrit. Nimewahi kukudanganya?"

"Nilikuwa na ng'ombe mmoja," akasema. "Maziwa yake ya kawaida tu, nikamuuza. Wiki mbili hazikupita, zizi zima likapunguza maziwa. Kumbe wenzake walikuwa wanatulia kwa sababu yake."

"Tafadhali usimwambie Janelle hivyo."

"Nina akili, Wendell."

Daftari hakulirudisha. Kipindi cha pili aliandika yeye, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kocha alipochelewa kumrudisha Janelle, Gerrit Terpstra, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata zizi likiungua, alisimama akapiga kelele: "Mwingize! We Mulder, unangoja nini?"

Tulishinda kwa sita. Watu wakaanza kutoka, wafagiaji wakaingia. Gerrit akashuka ngazi zote, akavua buti zake zenye matope pembeni, akakanyaga uwanja kwa soksi.

"Baba, sherehe imeshaisha," Janelle akasema.

"Najua. Nipe mkono."

Wakatembea hadi katikati, wakasimama pale, hawajui la kufanya, wakarudi. Nililia, sioni haya kusema.

Jumanne matokeo ya kura yakatoka. Yule wa pointi kumi na sita alipata nne, Janelle mbili. Sikuwa nimevua koti simu ikalia.

"Nani hao waliopiga kura?" Ni Gerrit.

"Hiyo ni siri."

"Basi niambie wanaishi wapi."

Nyuma yake nikamsikia Janelle akicheka: "Baba, weka simu chini! Ni tuzo ya benchi tu!"

"Nyamaza wewe," Gerrit akamwambia. "Hujui thamani yako."