Mikono ya Baba Mdogo

Mdomo wake ulisema alifika mapema. Mikono yake ilisema amechelewa.

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, karibu na dirisha, na jua la asubuhi lilikuwa limelala juu ya meza ya afisa wa fidia kama paka aliyeshiba. Pangaboi la darini lilizunguka polepole. Chumba kizima kilikuwa na ule utulivu wa mahali ambapo watu wanapimiwa maisha yao na mtu wasiyemjua. Na katika chumba chote kile ni watu wawili tu waliokuwa wakiisikia mikono ya shahidi, mimi na baba yangu. Mwenye mikono mwenyewe sidhani kama alijua kuwa inasema.

Baba alikuwa mtu wa mitambo ya kuchambua pamba, katika kiwanda cha nguo kilichonguruma nyuma ya nyumba zetu mchana na usiku. Humo ndani hata ukimpigia mtu kelele sikioni, atakutazama tu. Kwa hiyo wafanyakazi walijitungia lugha yao. Ngumi mbili zikigongana, mtambo umekwama. Kiganja kikipita mbele ya uso, msimamizi anakuja, jifanyeni mna kazi. Vidole viwili vya kulia vikilazwa juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, hilo ni swali: zamu hii ni ya nani?

Lugha hiyo ilirudi nao nyumbani. Mama hakuwahi kukanyaga kiwandani, lakini alijifunza ili asisengenywe mbele ya macho yake. Waligombana kimyakimya kutoka pembe mbili za chumba, na mimi nikiwa katikati nikigeuza shingo huku na huku. "Watoto wa wenzangu wakiwa na njaa wanalia," Mama alikuwa akitania, "huyu wangu ananipungia."

Na watu wa kiwandani walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Hata walipokuwa mahali pa kimya wakiongea kwa mdomo, mikono yao iliendelea na kazi. Ukitaka kumtambua mtu wa pamba, mpe vikombe viwili vya chai ashike, kisha umuulize swali. Atakwama hapo hapo.

Namkumbuka Baba akirudi kazini, nyusi nyeupe, kope nyeupe, akitembea taratibu kama mtu aliyeingia kwenye ndoto ya mwenzake na hataki kumwamsha. Manyoya ya pamba yalimfuata mpaka mlangoni, yakaelea chumbani, yakatua kwenye maji ya kunywa. Utoto wangu wote ulikuwa na pamba hewani, na mpaka leo nikiota, huota mambo yanayoshuka polepole.

Aliyempokea Baba zamu alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Kiwandani walimwita Kesho, kwa sababu ukimdai nyundo yako aliyoazima, jibu lake lilikuwa hilo hilo mwaka mzima. Mimi nilimwita Baba Mdogo. Hatukuwa na damu moja, lakini mgongo wake niliupanda zaidi ya migongo ya wajomba zangu wote.

Wao wenyewe walikuwa na sheria yao ya zamu. King'ora kikilia, mtu hauachi mtambo wake mpaka anayempokea afike, amguse kiganja. Kampuni haikuwa imelisema hilo popote. Kwa kampuni, king'ora kikilia zamu imekwisha, nenda kwako. Lakini mtambo ukiachwa peke yake pamba husongamana, ikisongamana hupata joto, na hakuna aliyetaka kiwanda kiungue kwa sababu yeye aliwahi kwenda kula.

Siku ile king'ora kililia na Baba Mdogo hakuonekana. Baba akasubiri. Pamba ikasongamana, akapeleka mkono kuichomoa kama alivyofanya maisha yake yote, na rola za mtambo zikamshika.

Alinisimulia mara moja tu, hospitalini, akitazama dari. Alisema hakusikia kitu wala maumivu hayakuja haraka. Aliona tu pamba mbele yake ikigeuka rangi ya waridi. "Nikajiuliza, nani ameitia rangi mapema hivi? Rangi si hutiwa mwisho?" Akatabasamu, akasinzia, na mimi nikatoka nje nikalia mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilibaki kiwandani. Vilivyosalia vilianza kujikunja ndani kama majani makavu. Daktari alisema bila kuzunguka: apasuliwe tena, na upesi, la sivyo mkono wote utakufa ukiwa umefumba. Upasuaji huo hatukuwa na uwezo nao hata tungeuza paa tulilolalia. Mfuko wa fidia ungelipa, ilimradi iwe ameumia kazini.

Kampuni ikasema hakuumia kazini. King'ora kilikuwa kimelia, mtambo ulikuwa umekabidhiwa, mzee alikuwa akijichezea tu na mashine ambayo si yake tena. Na shahidi wao alikuwa Kesho.

Hakuja kwetu kutuambia. Mama aliambiwa dukani, akarudi bila chumvi aliyoifuata.

"Ulifika lini?" afisa alimuuliza. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sauti ya mtu aliyezoea kudanganywa na asiyekasirika tena.

"Kabla ya king'ora, mheshimiwa. Nikampokea. Mtambo ukawa wangu."

Kiganja chake cha kushoto kikateleza juu ya paja lake: nimechelewa. Kidole kikanyooka kumwelekea Baba, kikarudi: wako, ulikuwa wako. Kisha tena, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye suruali: nimechelewa, nimechelewa.

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameona. Mkono wake mzima ulikuwa umetulia kwenye ukingo wa kiti, na bila kugeuza kichwa akaniambia kwa vidole vitatu tu: acha. Ana watoto.

Sijawahi kumpenda baba yangu kama dakika ile, wala kumkasirikia kama dakika ile. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nashona nguo za watu nyumbani, najua thamani ya mikono. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

"Samahani, mheshimiwa. Huyu anasema maneno mawili. Mdomo wake unasema lake, na mikono yake inasema lingine."

Wakili wa kampuni alicheka, na si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeletewa soda bila kuagiza. "Kwa hiyo sasa tunasikiliza ushahidi wa vidole?"

Afisa hakucheka. Alivaa miwani yake, akamgeukia Baba. "Ni kweli mnaongea hivyo?"

"Ni mazoea tu, mheshimiwa," Baba akajibu kwa shingo upande. "Kelele za mle ndani."

"Basi mwulize swali kwa mazoea hayo. Lolote unalotaka."

Baba angeweza kumuuliza neno la kumchoma. Angeweza kumuuliza habari za nyundo. Akauinua mkono wa kulia, ule wenye bandeji, akaupeleka taratibu juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, na hapo akauliza swali walilokuwa wakiulizana kila siku ya Mungu: zamu hii ni ya nani?

Swali lile huulizwa kwa vidole viwili, na vidole hivyo havikuwepo. Bandeji ilitua juu ya kifundo cha mkono, bubu, ikakaa hapo. Mgeni asingeona neno lolote, angeona mzee anayejishika mkono.

Baba Mdogo alisoma. Nilimwona akisoma. Mikono yake ilipanda kujibu, ikagandia kifuani kama inashikilia sahani ya moto asiyojua aiweke wapi. Halafu ikashuka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chumbani mikono yake ikanyamaza kabisa.

"Ilikuwa yake," akasema.

"Sema kwa sauti, baba," afisa akamwambia.

"Zamu ilikuwa yake, mheshimiwa. Mimi nilikuwa sijafika. Nilikuwa nimelala. Sina sababu nyingine, nililala tu." Akamgeukia Baba. "Uliningoja, kaka."

Wakili akaanza kutafuta kofia ya kalamu yake, na akaitafuta mpaka mwisho wa kikao.

Fidia ilitoka. Baba alipasuliwa, vidole vilivyosalia vikanyooka, si sana, lakini vya kutosha kushika kijiko na kunipiga kofi la utani. Na Baba Mdogo unga wake ukamwagika. Hawakumfukuza kwa kusema ukweli, hasha. Walimfukuza kwa kuchelewa.

Muda mrefu hakuja. Tulimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, naye bila shaka alitusikia tukinyamaza. Kisha jioni moja alisimama mlangoni, hana nyundo, hana salamu, mikono ameinua mbele yake kama amebeba beseni. Kiwandani kulikuwa na ishara ya kiu, ya moto, ya bosi, hata ya kumtongoza mwenzio wa mtambo wa pili. Ishara ya kuomba radhi hawakuwahi kuitunga. Mle ndani nani alikuwa na nafasi hiyo?

"Kaa basi," Baba akamwambia. "Unanizibia upepo."

Akakaa. Walijaribu kuongea kama zamani, lakini maneno ya Baba yalitoka na mapengo, nusu yake hayakueleweka. Basi wakaanza kuyatunga upya. Jioni baada ya jioni walikaa pale kizingitini, watu wazima wawili wenye mvi, wakibishana juu ya kidole gumba na kiwiko, wakikataa neno, wakilikubali, wakilijaribu tena, na mwanga ukipungua taratibu juu ya mikono yao.

Siku moja Mama alinivuta dirishani. Baba alikuwa amegusa kiwiko, akageuza kidole gumba, akakitikisa kidole cha mwisho mara moja. Baba Mdogo alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha.

"Amemwambia nini?" Mama akaninong'oneza.

Nilitazama tena, kwa makini. Mimi niliyejua kusema kwa mikono kabla ya kusema kwa mdomo.

"Sijui, Mama," nikamwambia.