Risasi Mbili kwa Mbogo Mfu

Nsajigwa alikuwa mwoga, na tuliseme mapema tusije tukazungushana. Si mwoga wa giza wala wa mkubwa wake wa kazi. Mwoga wa mnyama mwenye pembe. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, nani alimtuma awe Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori? Hamu ya cheo tu. Alitoka kwao Tukuyu na cheti chake, akapelekwa chuo, akazikariri sheria za wanyamapori mpaka akawa anaziota, kisha akapangiwa Sumbawanga. Kaki ikamkaa vizuri. Bunduki ya serikali ikamkaa begani. Mwaka mzima Mungu akamsitiri, kazi yake ikawa kukagua leseni na kusoma kwenye mikutano ya vijiji ile sheria mpya ya kukataza kuwinda bila leseni.

Mwezi wa nne mwaka 1976, ulezi ukiwa unakomaa, ikaja barua kutoka kijiji kimoja upande wa Kate, mojawapo ya vile vilivyokusanywa wakati wa Operesheni Vijiji. Mwenyekiti Felisiani aliandika kwamba mbogo dume, mpweke, amepanda kutoka bonde la Rukwa, anavuruga mashamba, na ameshaua ng'ombe mmoja. "Sisi tumekatazwa kumgusa," aliandika, "kwa hiyo tunaomba serikali ije imguse."

Serikali ikaenda, yaani Nsajigwa.

Akapewa mzee Alois wa kumwonyesha njia. Alois alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba, mkimya, mwindaji wa zamani aliyetundika nyavu zake siku aliposikia kwamba sasa kila mnyama ana karatasi yake. Mkononi alishika mkuki wa babu yake, chuma kilichoyeyushwa hukohuko Ufipa kabla majembe ya dukani hayajafika.

"Mzee, na huo mkuki?" Nsajigwa aliuliza.

"Fimbo yangu ya kutembelea, Bwana Nyama."

Nsajigwa akajifanya hajauona. Moyoni, tusidanganyane, alifurahi kuuona.

Walimkuta mbogo asubuhi, ukungu haujaondoka, amesimama katikati ya ntumba, yale matuta ya mviringo wanayolimia Wafipa. Alikuwa karibu mno. Nsajigwa akainua bunduki, mbogo akainua kichwa, wakaangaliana. Basi. Mikono ikafa ganzi, bunduki ikaanguka, na Bwana Nyama mzima akajitupa kati ya matuta mawili, uso kwenye udongo, akaanza kumwita mama yake kwa Kinyakyusa.

Aliyoyaona baadaye aliyaona kwa jicho moja lenye mchanga. Alois hakukimbia. Mbogo alikuja mbio, naye akamngoja, akamchoma chini ya bega, mkuki ukazama mpaka kwenye mpini. Mbogo hakuanguka palepale. Alikuwa anayumba kuelekea pale alipolala Nsajigwa. Mzee angeweza kuruka pembeni na kujiokoa. Badala yake alimpa mbogo mgongo, akamshika Nsajigwa kwapani, akamburuta kama gunia la mahindi. Pembe ikamkuta hapohapo, akiwa ameinama anavuta. Ikampasua nyuma ya paja mpaka kwenye tako. Kisha mbogo akalala, akafa.

Nsajigwa akainuka, akajipangusa, akaokota bunduki. Na hapa ndipo mahali ambapo mimi, kila nikisimulia, nashikwa na hasira upya. Alimwendea yule mbogo mfu, akachomoa mkuki, akampiga risasi mbili. Mbili! Moja haikumtosha.

"Baba," akasema, akihema, "watu watakuja sasa hivi. Sheria ni kali. Kuua mbogo bila leseni ni jela, na kwa umri wako hutatoka. Tuseme nimempiga mimi. Huo mkuki nitautupa kwenye majani, usiku mkeo aufuate, muuharibu."

Alois, ameshika paja damu ikipita kati ya vidole, akamtazama. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Mwanangu," akasema, "asante kwa kunisitiri."

Asante! Maana Nsajigwa alikuwa anajua. Chuoni aliulizwa swali hilohilo kwenye mtihani akalipata: aliyemuua mnyama ili kuokoa maisha ya mtu hana kosa, ilimradi atoe taarifa. Kifungu kile alikijua kama Baba Yetu. Kilichotakiwa ni kukaa chini na kuandika taarifa ya kweli, ukurasa mmoja. Lakini taarifa ile ingebidi iseme pia Bwana Nyama alikuwa wapi wakati huo.

Watu wakafika mbio. Wakaona mbogo chini, bunduki inatoa moshi, Bwana Nyama amesimama wima. Wakamwona Alois, amejeruhiwa nyuma. Nani angehitaji kuelezwa? Mtu aliyepigwa pembe tako alikuwa anakwenda wapi, kama si kukimbia?

Nyama ikagawiwa, wanawake wakapiga vigelegele. Alois akabebwa kwenye machela hadi zahanati ya misheni, akalala miezi miwili. Alipotoka mguu ulikuwa unaburuta, na jina lilikuwa linamngoja: Mzee Mbio. Hebu fikirini, kilema wa kuburuta mguu anaitwa Mbio. Vijiji vile vipya vilikuwa na watu wa kila upande, wengi hawakumjua Alois wa zamani. Walimjua huyu tu.

Nsajigwa yeye alipata barua ya pongezi yenye mhuri, akapandishwa daraja. Barua akaiweka kwenye fremu.

Mwaka ukapita. Akatumwa tena kijiji kile, mkutano wa kuchagua kamati ya kulinda mashamba dhidi ya wanyama. Felisiani akampokea kwa shangwe, akamkalisha kwenye benchi la wageni mbele ya ofisi ya kijiji, akaanza kuwasimulia watu kisa cha mbogo, kwa mbwembwe zake zote. Alipofika kwa mzee aliyekimbia pembe ikamfuata, watu wakavunjika mbavu. Nsajigwa naye akacheka. Akacheka kwa sauti, na katikati ya kicheko akamwona Alois nyuma ya watu, ameegemea fimbo, macho chini.

Kabla mkutano haujafunguliwa rasmi, mke wa Alois, mama Luciana, akamsogelea. Jembe begani, alikuwa anatoka shamba. Mkononi jogoo mwekundu, amefungwa miguu. Akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, akamweka jogoo chini ya benchi.

"Bwana Nyama, huyu ni wako. Mume wangu ameniambia yote, mimi peke yangu. Ulimwokoa na jela. Sisi hatuna kikubwa cha kukupa."

Nsajigwa akasogeza mguu mbali na jogoo.

"Mkuki tuliupeleka kwa mhunzi, kama ulivyosema. Ndio jembe hili." Akaligusa. Kisha akapunguza sauti. "Nilitaka nikuulize kitu kimoja, baba, usinikasirikie. Ile sheria bado ipo vilevile? Haiwezi kulegezwa hata kidogo? Asiseme kwa watu, hapana. Awaambie watoto wake tu. Maana watoto wetu wanaona haya kutembea naye."

Jamani, kuna aibu ya usoni, ile ya kujikwaa mbele za watu, hiyo inapita. Na kuna aibu inayoshuka tumboni ikakaa. Nsajigwa alitamani ardhi ipasuke. Mwanamke huyu alikuwa anamwomba ruhusa ya kitu ambacho Nsajigwa mwenyewe alimwibia.

"Kaa, mama," akasema. "Leo utasikia."

Mkutano ukaanza. Mtu mmoja, kwa utani, akalitaja jina la Alois kwenye kamati. Mwingine akadakia: "Tumpe Mbio ulinzi? Nguruwe akitokea, huyu tutamkuta Zambia!" Kicheko tena. Nsajigwa akasimama.

"Ndugu zangu, nyamazeni. Mbogo yule sikumuua mimi."

Akasema yote. Kwamba alitupa bunduki. Kwamba alilala kifudifudi akilia. Kwamba Alois alimchoma mbogo kwa mkuki, na pembe ilimpata kwa sababu alikuwa anamwokoa yeye. Kwamba risasi alizipiga kwenye mzoga. Kwamba sheria haikuwa na ugomvi wowote na mzee, na yeye alilijua hilo siku ileile. Alipomaliza jasho lilikuwa limelowesha kaki, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima kifua kilikuwa chepesi.

Felisiani akainuka polepole. Akamtazama Bwana Nyama kwa macho yenye machozi.

"Mnaona?" akasema. "Mnaona moyo wa kiongozi? Amemwonea huruma mzee wetu anavyotaniwa, akaamua kujishusha mwenyewe ili amsitiri! Nani kati yenu angefanya hivyo?"

Makofi yakalipuka. Vigelegele.

"Ni kweli!" Nsajigwa akapaza sauti. "Si huruma, ni kweli! Nilikuwa chini nalia!"

"Ati alikuwa analia!" wakacheka kwa upendo. "Kwa hiyo mkuki uko wapi?"

Luciana akainua jembe. "Huu hapa!"

Wee! Hapo ndipo walipoangua kicheko cha kushika matumbo. Jembe lenye udongo wa ulezi! Vijana wawili wakamdaka Bwana Nyama, wakamnyanyua mabegani, miguu ikining'inia.

Katika zogo lile Alois alisogea mpaka karibu, akiburuta mguu. Akainua uso, akauliza kwa sauti ambayo Nsajigwa peke yake aliisikia.

"Sheria ilikuwa inaniruhusu?"

"Ndiyo, baba."

"Toka siku ile?"

"Toka siku ile."

Mzee akasimama kidogo, kama mtu anayehesabu siku. Hakutukana, hakutema mate, hata fimbo hakuiinua. Akageuka, akaanza safari ya nyumbani, na mtu mmoja akampigia kelele: "Taratibu, Mbio, usitutimulie vumbi!"

Nsajigwa, juu ya mabega ya watu, alimwona Luciana akiweka jembe begani. Mama yule akapenya kati ya wanaoshangilia hadi kwenye benchi la wageni, akainama, akamchukua jogoo wake, akamfuata mumewe.